Nani Huyu Anayenikata Kila Mwezi?

Simu ililia saa tisa usiku. Haikuwa simu ya mtu, ni ule mlio mfupi wa ujumbe wa benki, na mwenye kadi yeyote anajua kwamba saa hizo benki haina jambo jema la kumwambia. Nilifungua. Kadi yangu ilikuwa imekatwa kiasi ambacho ningekikumbuka kama ningekitumia mwenyewe, karibu mara 15 ya kitu cha mwisho nilichonunua mtandaoni. Aliyekata alikuwa na jina la herufi zilizobanana bila irabu hata moja, likifuatwa na namba ya simu na jina la mji ambao sijawahi kuukanyaga.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho kinachonisukuma kuandika. Sikupiga simu benki. Nilikwenda chumbani kwa mwanangu.

Ana miaka 15. Mwaka jana nilimruhusu mara moja kutumia kadi yangu kununua kitu cha mchezo kwenye simu, na tangu siku hiyo kila senti nisiyoielewa imekuwa ikimwangukia yeye. Nilimwamsha, nikamwonyesha ujumbe. Akausoma huku anapikicha macho. "Mama, si mimi. Haki ya Mungu si mimi." Nikachukua simu yake. Nilikaa nayo siku tatu, na siku zote hizo alikuwa akinisalimia asubuhi, anakula, anakwenda shule, bila kuniomba tena. Ile heshima yake niliisoma kama ushahidi wa hatia.

Siku ya nne ndipo nilipopiga simu benki. Dada aliyepokea alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa sauti ya upole: "Mama, kuna dawa au virutubisho umeagiza mtandaoni hivi karibuni?" Nikajibu hapana, haraka sana. Akasema: "Nauliza kwa sababu huyu muuzaji amesajiliwa kwenye kundi la wale wanaouza kwa kujiunga, wanaotuma bidhaa kila mwezi."

Hapo nikaiona chupa. Ipo kwenye droo ya kitanda changu, nyuma ya miwani ya zamani, imejaa robo tatu.

Masikio yangu yana mlio. Ulianza mwaka juzi, mlio mwembamba kama wa redio isiyoshika stesheni, na usiku nyumba ikitulia unapanda. Usiku mmoja nikiwa sipati usingizi nilikutana na tangazo la matone ya asili ya kuondoa mlio masikioni. Chupa ya kwanza bure, lipia usafirishaji tu. Nikajaza jina, anwani, namba za kadi. Sikumwambia mtu. Chupa ilikuja, nikaitumia wiki moja, mlio haukutikisika, nikaisukuma ndani ya droo. Kwangu mimi habari ile iliishia pale. Kwao ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Nimetumia wiki kadhaa baada ya hapo kujifunza mambo haya yanavyokwenda, na nataka niyaeleze kama ambavyo ningependa kuelezwa usiku ule kabla sijagonga mlango wa mwanangu.

Nianze na jina, maana ndilo linalotisha. Mfumo wa kadi humpa muuzaji nafasi finyu ya kujitambulisha kwenye taarifa yako ya benki: mara nyingi ni herufi 22 tu, pamoja na nafasi zilizo kati ya maneno. Chukua duka la kubuni liitwalo Bidhaa za Afya ya Masikio na Usingizi. Likipita kwenye tundu hilo linatoka BIDHAA ZA AFYA YA MASI, na hapo limekatika. Wauzaji wengine hujifupisha wenyewe kwa kung'oa irabu. Wengine huandika jina la kampuni lililosajiliwa kisheria, wakati wewe ulinunua kwa jina lililo kwenye chupa, na majina hayo mawili hukuwahi kuyaona pamoja. Ukiona alama ya nyota katikati ya jina, kilicho kushoto mara nyingi ni kampuni inayopokea malipo kwa niaba ya wauzaji wengi, kama PayPal, na kilicho kulia ndicho cha kukitafuta. Watu wengi hupoteza siku nzima wakigombana na wa kushoto.

Mji nao haumaanishi kwamba kuna mtu huko ameshika kadi yako. Ni mahali muuzaji alipojisajili. Tarehe inaweza kuwa ya siku benki ilipouingiza muamala, si siku ulipofanyika. Na kama bei iko kwa fedha ya nchi nyingine, kiasi kitabadilika mwezi hadi mwezi kufuata thamani ya fedha, na pengine benki itaongeza ada yake ya muamala wa nje. Kwa hiyo makato mawili yasiyolingana yanaweza kuwa ya mtu mmoja kwa kitu kilekile. Ile namba ya simu iliyobandikwa mwishoni, ambayo mimi niliiona kama alama ya matapeli, iliwekwa hapo ili nipige.

Nyuma ya jina kuna kitu ambacho mteja kwa kawaida hakioni: namba ya tarakimu 4 inayosema muuzaji ni wa biashara gani. Duka la dawa ni 5912. Anayeuza kwa kujiunga, bidhaa ikija na malipo yakikatwa kila kipindi, ni 5968. Yule dada wa benki hakuwa na kipaji cha utabiri, alisoma namba hiyo. Ukipiga simu benki, usiishie kuuliza "ni nani huyu?" Waulize muuzaji amesajiliwa kwa biashara gani, na kama muamala umeingia kama malipo ya kujirudia. Majibu hayo mawili yanaweza kukumaliza mashaka hapohapo.

Swali lililonisumbua kuliko yote ni hili: mbona sikuulizwa namba ya siri? Ninaponunua kitu mtandaoni benki hunitumia tarakimu za kuthibitisha. Usiku ule hazikuja, na ndiyo maana niliamini kuna mtu ndani ya nyumba aliyejua mambo yangu. Kumbe uthibitisho nilishautoa. Nilipolipia usafirishaji, nilithibitisha muamala mmoja, na kwa kuacha kijisanduku kilichokwisha kuwekewa tiki nikawaruhusu waitunze kadi yangu. Miamala inayofuata baada ya hapo huanzishwa na muuzaji, mwenye kadi akiwa amelala. Hakuna wa kuulizwa tarakimu, kwa sababu kwa macho ya mfumo ruhusa ilitolewa zamani.

Na saa yao ilikuwa inakimbia tangu dakika ile. Jaribio lilikuwa la siku 14, lakini siku zilihesabiwa tangu nilipoagiza, si tangu chupa iliponifikia. Chupa ilichukua siku 9 njiani. Nilibakiwa na siku 5 za kujaribu kitu ambacho tangazo lenyewe lilisema huhitaji mwezi mzima ili kufanya kazi. Nilirudi kwenye ule ukurasa na kuyakuta yote haya, yameandikwa kwa kijivu juu ya kijivu, chini ya kitufe cha kuagiza, mahali ambapo kwenye simu hufiki kama hukusogeza. Kwa hiyo hawakusema uongo wa moja kwa moja. Waliweka ukweli mahali ambapo mtu asiyelala saa nane usiku hawezi kuutazama, wakahesabu kimya changu kuwa ndiyo.

Biashara hii ya kugeuza kimya kuwa kibali si ngeni, na bidhaa za afya na urembo zimekuwa uwanja wake tangu mwanzo. Mwaka 2011 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani (FTC) ilimfikisha mahakamani mfanyabiashara wa mtandaoni wa Kanada aliyekuwa akitoa majaribio ya bure ya vidonge vya kupunguza uzito vya tunda la acai, dawa za kung'arisha meno na vitu vya aina hiyo. Kwa madai ya tume, wateja wa Marekani, Kanada, Uingereza, Australia na New Zealand walikatwa zaidi ya dola milioni 450. Wakati huo Marekani ilikuwa imeshatunga sheria, mwaka 2010, inayomtaka muuzaji wa mtandaoni aeleze masharti yote ya msingi kabla hajachukua namba za kadi, apate ridhaa ya wazi, na aweke njia rahisi ya kujitoa.

Kampuni za kadi zenyewe zilikuja baadaye. Aprili 2019 Mastercard ilianza kumtaka muuzaji wa bidhaa za kushikika anayetoa jaribio la bure kupata idhini ya mteja jaribio linapokwisha, kabla hajaanza kukata, na kumjulisha kiasi, tarehe, jina la muuzaji na namna ya kujitoa. Visa ilifuata Aprili 2020: ukumbusho angalau siku 7 kabla ya kukatwa bei kamili, na njia ya kujitoa mtandaoni kwa urahisi. Nayasema haya kwa sababu yalinipa uti wa mgongo. Nilikuwa nimejiona mjinga aliyesaini bila kusoma, ambaye hana haki ya kulalamika. Nilipopekua barua pepe zangu zote, mpaka zile zilizotupwa kwenye barua taka, sikukuta ukumbusho wowote. Nilikuta moja tu ya kupokea oda, na nyingine ya kunishukuru kwa kuwa sehemu ya familia yao.

Lakini sheria hizi zote zinamsaidia anayesema, na mwenye ugonjwa wa siri hasemi. Nimefikiria sana kwa nini mtego huu umekaa hasa kwenye dawa za nywele zinazonyonyoka, za uzito, za nguvu za kiume, za kukoma hedhi, za kibofu, za usingizi. Bidhaa hizi hununuliwa usiku, na mtu aliye peke yake, kwa maumivu ambayo hajamwambia hata mwenzi wake. Wapo wauzaji waaminifu wanaoandika jina lisiloeleweka kwenye taarifa ya benki kwa kukuheshimu, ili mtu anayechungulia simu yako asijue unatibu nini. Ni jambo jema. Ila pazia hilohilo humficha asiye mwaminifu. Unalikuta jina usilolijua, unahisi kwa mbali linahusu kitu gani, na badala ya kuuliza unanyamaza, maana ukiuliza itabidi ueleze. Mimi niliona ni rahisi zaidi kumshuku mtoto wangu kuliko kukumbuka masikio yangu. Ndivyo aibu inavyofanya kazi, na naamini wapo wanaojua hivyo na kuitegemea.

Kujitoa kulichukua saa moja na nusu. Namba ya simu iliyokuwa kwenye taarifa ya benki ilifanya kazi. Aliyepokea alikuwa mchangamfu mno. Kwanza alinipa punguzo la nusu. Nilipokataa, akanipa miezi miwili ya "kusitisha kwa muda." Nilipokataa, akaniuliza kama kweli niko tayari kuacha afya yangu irudi nyuma. Sentensi hiyo ilinikasirisha, kisha ikanipa nguvu. Nikamwambia ninachotaka ni kimoja, usajili ufungwe leo na nitumiwe uthibitisho wa maandishi wenye namba ya kumbukumbu. Tulipokata simu nikaandika na barua pepe ya mistari mitatu: nimefuta usajili tarehe hii, siruhusu kadi yangu ikatwe tena, naomba kurejeshewa makato yaliyofanyika bila taarifa. Nikapiga picha ya skrini ya ule ukurasa wa kijivu, ya kitufe, ya oda, ya barua pepe zao. Usidharau picha hizo. Ukurasa wa kuuzia unaweza kubadilishwa kesho asubuhi, na utabaki na neno lako tupu.

Hela ya kwanza hawakurudisha. Walisema nirudishe chupa ambayo haijafunguliwa. Ndipo nikarudi benki, na hapo nilikutana na jaribu ambalo nadhani wengi tunakutana nalo.

Fomu ya kupinga muamala ilinitaka nichague sababu, na ya juu kabisa ilikuwa kwamba sikuufanya wala kuuruhusu muamala huu. Ni chaguo tamu, linalomaliza maelezo. Lakini lilikuwa si kweli. Nilikuwa nimewapa kadi mwenyewe. Ningesema nimeibiwa, benki ingefunga kadi na kuwauliza wauzaji, nao wangeleta oda yenye jina langu, anwani yangu na ule uthibitisho wa tarakimu niliouweka kwa mkono wangu. Dai langu lingeanguka, na pamoja nalo lingeanguka lile dai la kweli nililokuwa nalo. Kwa mfumo wa kadi, kuibiwa ni jambo moja. Kukatwa baada ya kujitoa ni jingine. Na kuuziwa kwa masharti yaliyofichwa ni la tatu. Kila moja lina njia yake na ushahidi wake. Nikachagua la tatu, nikaambatanisha picha, nikaeleza kwamba sikupewa taarifa yoyote kabla ya kukatwa. Ilichukua wiki sita. Hela ilirudi.

Muda nao una mwisho. Kanuni za Visa na Mastercard kwa madai mengi hutoa siku 120, ingawa benki yako inaweza kukutaka uwahi zaidi ya hapo, na sheria ya Marekani kwa kadi za mkopo inahesabu siku 60 tangu utumiwe taarifa ya akaunti. Anayesubiri aone kama yataacha yenyewe anakula siku zake mwenyewe.

Kitu kimoja nilichokuwa nimekiamini kwa moyo wote kilikuwa kosa. Nilidhani nikibadilisha kadi nimepona. Visa na Mastercard zina huduma inayowapelekea wauzaji namba mpya ya kadi pale ya zamani inapobadilishwa, kwa benki zinazoshiriki, ili malipo halali kama ya umeme au bima yasikatike. Huduma hiyohiyo inaweza kumbeba na huyu wa matone. Kwa hiyo jitoe kwanza kwa muuzaji, kisha iambie benki izuie malipo ya kujirudia ya muuzaji huyo kwa jina, na kama unachukua kadi mpya, uliza kama namba yake itapelekwa kwa wauzaji waliokuwa na ile ya zamani.

Yote haya ni kwa aliyekuta chupa kwenye droo. Kama umepekua barua pepe kwa kiasi na kwa tarehe, ukauliza wanaoruhusiwa kutumia kadi hiyo, na nasema kuuliza, si kuhukumu, na hakuna alama yoyote ya oda, basi usiendelee na uchunguzi. Funga kadi muda huohuo kwenye programu ya benki na uripoti. Hasa ukiona kakato kadogo sana kutoka jina usilolijua, kwani wezi wa namba za kadi huanza kwa kiasi kidogo kupima kama kadi iko hai. Na namba ya simu ya kupiga itoe nyuma ya kadi yako, si kwenye ujumbe unaokuambia bonyeza hapa kuzuia makato.

Masikio niliyapeleka kwa daktari. Alinipima usikivu, akanieleza kwamba mlio mara nyingi huandamana na kupungua kwa usikivu, kwamba hakuna dawa ya matone au vidonge iliyothibitishwa kuuondoa, na kwamba kuna njia za kuupunguzia makali. Dakika ishirini. Nilikuwa nimezikimbia miaka miwili.

Kwa mwanangu nilikwenda na simu yake mkononi na chupa mkononi. Nikamweleza yote, mlio, usiku ule, tangazo. Nikamwomba radhi bila kuongeza "lakini." Alinyamaza kidogo, akaigeuza chupa akisoma nyuma. Kisha akaniuliza: "Mama, kwa hiyo sasa hivi unausikia? Hata tukiongea?" Nikamwambia ndiyo. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo, kwa sababu hakuna niliyempa nafasi.

Yeye ndiye aliyesema tumtazamie na bibi yake. Tukaenda Jumapili. Mama yangu ana kadi kwa ajili ya pensheni yake, na nilipomgusia habari ya matone alitukatiza kwa mkono: yeye hanunui vitu mtandaoni. Tukaachia hapo. Baada ya chakula, mwanangu akiwa nje, nikamsimulia kuhusu masikio yangu, na jinsi nilivyomdhania mtoto. Alinitazama kwa muda mrefu. Akainuka, akaenda chumbani, akarudi na simu yake pamoja na kikopo cha vidonge vya magoti, akaviweka mezani mbele yangu.

"Miezi saba," alisema. "Nilidhani ni ada za benki."

Nikamwita mjukuu wake aingie. Akaketi katikati yetu, akafungua barua pepe za bibi yake, na kwenye sehemu ya kutafuta akaandika neno la kwanza: jaribio.